Gemu za mafumbo kwa mchezaji mwenye umri mkubwa: angalia nani ameshika saa

Kabla ya kumnunulia mama, baba au mjomba gemu yoyote ya mafumbo, na hasa ile iliyochanganya mafumbo na uhusika, jiulize jambo moja: akiiweka pedi ya kuchezea mezani katikati ya mchezo akaenda kupokea simu, akirudi atakuta nini? Kuna gemu ambazo atakuta kila kitu kama alivyokiacha, hata akikawia saa nzima. Kuna nyingine atakuta shujaa wake ameshauawa. Na kuna za katikati, ambazo hazimuui lakini jua limezama, siku imepita, na kazi aliyotaka kuimaliza imemponyoka. Zote tatu huuzwa kwa sifa zile zile: tulivu, za kufikirisha, za watu wasiopenda haraka.

Sifa hizo si za uongo, ila hazitoshi. Mchoraji anaweza kuweka mandhari ya kupendeza, mtunzi akaweka muziki wa kubembeleza, na chini yake kukawa na saa inayomkimbiza mchezaji. Kijana wa miaka 20 huichukua saa hiyo kama burudani. Kwa mtu wa miaka 70, saa hiyo ndiyo huamua kama ataendelea au ataachana na gemu siku ya kwanza, huku akijiambia kwamba akili yake imechoka. Hapo ndipo ninapoumia. Mtu mwenye akili kali kabisa anaondoka akijilaumu, kumbe aliyekosea ni aliyemchagulia.

Umri una mambo unayoyapunguza na mambo usiyoyagusa. Kasi ya kupokea taarifa na kuitikia hupungua kidogo kidogo katika utu uzima, lakini msamiati, maarifa ya jumla na uzoefu wa kupima watu na mambo hudumu, na kwa wengi huendelea kukua kwa miaka mingi. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha akili ya kushughulikia jambo jipya kabisa na akili inayolimbikizwa kutokana na kujifunza na kuishi. Hii ya pili ndiyo mali ya mchezaji mwenye umri mkubwa. Gemu inayomfaa humwacha aitumie mali hiyo kwa nafasi, bila kumpiga kofi kila anapotulia kufikiri.

Zamu zinazosubiri na zisizosubiri

Gemu za uhusika, zile wachezaji wanazoziita RPG, ambamo unaongoza mhusika au kundi linalokua kadiri hadithi na mapambano yanavyoendelea, zilianza zikiwa na subira. Wizardry ya mwaka 1981 ilimpa mchezaji nafasi ya kuchagua amri kwa kila mtu wa kundi lake, kisha ndipo kompyuta ikaonyesha yaliyotokea. Dragon Quest ya Yuji Horii, iliyotoka Japani Mei 1986, iliurahisisha mtindo huo kwa watu ambao hawajawahi kugusa gemu za namna hiyo: orodha fupi ya amri, shambulia, piga uchawi, tumia kifaa, kimbia. Ni kama drafti, mwenzako hasogezi kete mpaka wewe usogeze yako. Mfululizo huo umeushikilia msingi huo kwa miaka mingi, na Dragon Quest XI ya mwaka 2017 bado inamngoja mchezaji aamue.

Mwaka 1991 Final Fantasy IV ilileta mfumo uliobuniwa na Hiroyuki Ito, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa wakati wa kuchagua. Katika mfumo huo kila mhusika na kila adui ana muda wake unaojaa kadiri sekunde zinavyopita. Muda ukijaa, anatenda. Ukiitazama video ya pambano unaona wahusika wamejipanga mstari na orodha ya amri iko chini, unadhani ni zamu za kawaida. Kumbe maadui hawangoji, na mtu anayesoma majina ya uchawi kwa makini anapigwa huku akisoma. Gemu nyingi za mtindo huo zina chaguo kwenye mipangilio la kusimamisha saa, na ni vizuri kuliwasha, lakini lisome vizuri kwanza. Kwa kawaida saa husimama mchezaji akiwa ndani ya orodha ya uchawi au ya vifaa. Akiwa bado kwenye orodha ya kwanza ya amri, saa inaendelea kukimbia. Anayejua hili huingia haraka kwenye orodha ya uchawi, kisha anatulia humo na kufikiri atakavyo. Asiyelijua atasema chaguo lenyewe halifanyi kazi.

Final Fantasy X ya mwaka 2001 iliiondoa saa hiyo. Pembeni mwa skrini kuna foleni ya picha ndogo inayoonyesha nani anafuata, na hakuna anayesogea mpaka mchezaji aamue. Ndani yake mna mahekalu yenye mafumbo halisi: unachomoa mpira unaong'aa, unaupachika kwenye tundu la ukutani, unaangalia mlango upi umefunguka, unarudi kuuchukua mwingine, na hakuna adui anayekukatiza ukiwa humo. Ina kasoro moja ya kuijua mapema: baadhi ya mashambulizi maalumu ya wahusika yanadai kubonyeza vitufe kwa wakati. Ukiyakosea hupotezi pambano, yanapungua nguvu tu. Gemu zilizofuata kwenye mfululizo huo ziliendelea kubadilika, na Final Fantasy XVI ya mwaka 2023 ni ya mapigano ya kasi. Jina la mfululizo peke yake, kwa hiyo, halikuambii chochote kuhusu saa.

Mtego mwingine ni gemu zinazotembea mraba kwa mraba. Legend of Grimrock, iliyotoka mwaka 2012, humtembeza mchezaji ndani ya shimo la mawe hatua moja moja, kushoto, kulia, mbele, na imejaa mafumbo mazuri ya vibao, milango na mitego. Kwa picha inaonekana ya kufikiri tu. Lakini majitu yake hayangoji. Yanakufuata ukiwa umesimama unasoma maandishi ya ukutani, na namna ya kushinda mara nyingi ni kuzunguka haraka huku ukibonyeza silaha. Ilirithi hilo kutoka Dungeon Master ya mwaka 1987. Sasa ilinganishe na Lufia II ya mwaka 1995, ambamo maadui wa mapangoni wanaonekana wakitembea, lakini wanasogea tu pale wewe unaposogea. Ukisimama, pango zima linasimama. Mchezaji anaweza kukaa anahesabu hatua za adui kama sehemu ya fumbo. Kwa msomaji wa maelezo ya nyuma ya boksi, gemu hizi mbili ni ndugu. Kwa mikono ya mzee, hazina uhusiano.

Kuna pia zile ambazo zamu zinasubiri, lakini pigo lenyewe halisubiri. Super Mario RPG ya mwaka 1996, iliyotengenezwa upya mwaka 2023, humpa mchezaji muda wote wa kuchagua, kisha humtaka abonyeze kitufe pigo linapotua ili liongezeke nguvu au limuumize kidogo. Akichelewa hapotezi kitu kikubwa, na toleo jipya humwonyesha alama ya wakati wa kubonyeza, kwa hiyo naihesabu kuwa rafiki. Clair Obscur: Expedition 33 ya mwaka 2025 ni ya zamu pia, tena nzuri ajabu kwa picha na hadithi, lakini kukwepa mapigo kwa wakati ndio moyo wake. Kiwango chepesi kinapunguza adhabu, ila hakiondoi ile hali ya kukaa macho wakati wa zamu ya adui. Undertale ya mwaka 2015 nayo ina mazungumzo ya kuchekesha na huruma nyingi, halafu ghafla unatakiwa kukwepa mvua ya vitu vidogo vinavyoruka ndani ya kisanduku. Wengi humnunulia mzazi wakidhani michoro sahili maana yake ni mchezo mwepesi.

Na zile za katikati nilizozitaja mwanzoni? Stardew Valley ya mwaka 2016 ndiyo mfano bora. Ni gemu ya shamba, majirani na misimu, na watu huisifu kwa utulivu wake. Hata hivyo siku moja ndani yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, hukimbia kwa takriban dakika 14 za saa ya ukutani. Duka linafungwa, usiku unaingia, na uvuvi wake unadai kidole chepesi. Wapo wazee wanaoipenda sana, hasa wale wasiojali siku kuisha kazi ikiwa bado. Kwa mtu anayekereka akiacha jambo nusu, itakuwa mateso.

Chaguo zuri zaidi hapa ni gemu ambamo muda unahesabiwa kwa matendo ya mchezaji. Disco Elysium ya mwaka 2019 hufanya hivyo: saa yake inasogea unapozungumza na watu au kusoma, lakini ukisimama barabarani ukitafakari, haisogei. Kuhusu gemu yenyewe nitarudi, kwa sababu si ya kila mtu.

Fumbo liko wapi?

Saa ikishatulia, linafuata swali la mahali fumbo lilipo. Gemu mbili zinaweza kuitwa za mafumbo na uhusika, mtu mmoja akaipenda hii na kuichoka ile, kwa sababu tu fumbo limekaa sehemu tofauti.

Kuna gemu ambazo pambano lenyewe ndilo fumbo. Puzzle Quest: Challenge of the Warlords ya mwaka 2007 ndiyo iliyofungua njia kwa wengi. Ubao una miraba minane kwa minane iliyojaa vito vya rangi. Unabadilishana nafasi vito viwili vinavyopakana ili vitatu vya rangi moja vijipange. Vikijipanga vinatoweka na kukupa nguvu ya rangi ile, ambayo baadaye unalipia uchawi. Ukipanga mafuvu matatu, adui anaumia. Kisha ni zamu ya adui, kwenye ubao ule ule.

Chukua hali moja. Unaona vito vitatu vya bluu unavyovihitaji, lakini ukivitoa, vya juu vitashuka na mafuvu matatu yatabaki hatua moja kabla ya kujipanga. Utakuwa umemkabidhi adui silaha. Unatazama upande wa pili na kuona kijani vinne vinaweza kujipanga, na kupanga vinne kunakupa zamu ya ziada. Basi unaanza na kijani, unapata zamu ya ziada, unachukua bluu, halafu? Mafuvu bado yatakuwa ya adui. Labda bluu isubiri. Labda uchawi ulio nao tayari unaweza kuharibu ile safu ya mafuvu kwanza. Hesabu hiyo inaweza kuchukua sekunde 5 au dakika 5, na ubao hautikisiki. Kati ya pambano na pambano kuna ramani, hadithi, silaha mpya na mhusika anayekua, kwa hiyo kuna sababu ya kurudi kesho. Gemu hii ilitolewa upya mwaka 2019 kwa jina Puzzle Quest: The Legend Returns. Kwa mtu aliyezoea drafti, sataranji au sudoku, ningeanzia hapa bila kusita.

Octopath Traveler ya mwaka 2018 ni ya ukoo huo kwa mbali. Kila adui ana ngao yenye namba na orodha ya udhaifu uliofichwa, nawe unajaribu mkuki, moto au barafu mpaka ujue kinachoivunja. Into the Breach ya mwaka 2018 imekaribia kuwa fumbo tupu: kabla hujacheza, inakuonyesha kila adui atapiga wapi, halafu inakuuliza utawasukuma vipi wapigane wenyewe au wapige hewa. Hatua uliyotembea unaweza kuirudisha, na katika kila pambano unaruhusiwa mara moja kuianza zamu upya. Ruhusa ya kukosea bila kuadhibiwa ina thamani kubwa kwa mtu ambaye kidole chake wakati mwingine hubonyeza mahali asipokusudia.

Kundi la pili limeweka fumbo njiani. Golden Sun ya mwaka 2001 ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Wahusika wake wana nguvu zinazofanya kazi vitani na nje ya vita pia. Unaingia chumbani, mbele kuna pengo, sakafuni kuna madimbwi ya maji. Hakuna ngazi. Unakumbuka kwamba mmoja wenu anaweza kugandisha maji, unaligandisha dimbwi, nguzo ya barafu inainuka, unaruka juu yake na kuvuka. Chumba kinachofuata kina madimbwi zaidi na njia moja tu inayofika upande wa pili, na sasa mpangilio ndio fumbo. Mahali pengine mkono usioonekana unasukuma nguzo ya mawe, mmea mdogo unakuzwa uwe wa kupandia, mawazo ya mwanakijiji yanasomwa. Furaha yake ni ya kutazama chumba na kujiuliza nina nini mfukoni, furaha anayoijua kila mtu aliyewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake. Kasoro yake ni kwamba mapangoni mapambano huzuka bila taarifa, na anayekatizwa katikati ya wazo anaweza kulisahau. Kijikaratasi pembeni kinasaidia. Tangu mwaka 2024 inapatikana katika huduma ya Nintendo Switch Online, wakati Lufia II, ambayo kwa mafumbo ya mapangoni naiweka sawa nayo au hata juu yake, ni ngumu zaidi kuipata kihalali.

Kundi la tatu linaweka fumbo ndani ya watu na maneno. Hapa ndipo Disco Elysium inapoingia. Mchezaji ni mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu, na badala ya kupigana kwa orodha ya amri, anauliza, anapima nani anadanganya, anaamua aamini nini. Maandishi yake yanazidi maneno milioni moja. Toleo la Final Cut la mwaka 2021 lilirekodi sauti za mazungumzo karibu yote, jambo linaloyapumzisha macho. Kwa mtu aliyesoma riwaya maisha yake yote na kuyaona mengi, nadhani ni gemu tajiri kuliko nyingine yoyote niliyoitaja. Lakini ina ulevi, matusi, maiti na siasa, na lugha yake ni ngumu. Usimpe mtu asiyestarehe kusoma Kiingereza au lugha nyingine iliyotafsiriwa humo, na usimpe mtu kabla ya kumwambia mlango anaoingia ni wa namna gani.

Wapo pia watu ambao hawajawahi kushika gemu ya uhusika kabisa. Kwa hao kuna daraja, nalo ni mfululizo wa Professor Layton, ulioanza mwaka 2007. Kwa kanuni si RPG, hakuna mhusika wa kuongezewa nguvu wala silaha, lakini kuna safari, mji wa kuuchunguza, watu wa kuzungumza nao, na kila mmoja ana chemshabongo mfukoni. Mafumbo yalisimamiwa na Akira Tago, profesa wa saikolojia aliyekuwa tayari mashuhuri Japani kwa vitabu vyake vya chemshabongo. Sarafu zilizofichwa kwenye mandhari hununua madokezo, na gemu nyingi za mfululizo huo zina karatasi ya kuandikia juu ya skrini, ili hesabu isibebwe yote kichwani. Gemu ya kwanza ilitolewa upya kwa simu na tableti mwaka 2018. Akiimaliza hiyo, tayari anajua kutembea ndani ya dunia ya gemu, kuzungumza na wahusika na kuhifadhi mchezo wake, na Golden Sun haitamtisha.

Macho, masikio na vidole

Gemu inaweza kuwa na subira ya mawe na bado isichezeke kwa sababu maandishi yake ni kama punje za mchanga. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kuvuta kitu cha karibu, na baadaye uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana hupungua. Kwa hiyo fungua mipangilio kabla ya kitu kingine: kuna kukuza maandishi? Kuna kubadili rangi ya nyuma ya maandishi? Mazungumzo yanangoja ubonyeze, au yanapita yenyewe? Hili la mwisho husahaulika mno. Gemu ambayo mazungumzo yake yanajiendesha ni gemu yenye saa, hata kama mapambano yake ni ya zamu.

Mahali pa kuchezea pia ni sehemu ya uchaguzi. Televisheni kubwa huwasaidia wengi, ila mwenye miwani ya kusomea huona vizuri karibu na vibaya mbali, au kinyume chake, na kifaa cha mkononi kinaweza kumfaa zaidi. Basi angalia uzito. Nintendo Switch ya kwanza pamoja na vishikio vyake ina takriban gramu 400, Switch Lite gramu 275, na Steam Deck ya kwanza inakaribia gramu 670. Kwa mwenye baridi yabisi kwenye viganja tofauti hiyo inahisiwa baada ya robo saa. Stendi ya mezani na pedi ya kando hulitatua. Kwa vidole vinavyouma, gemu inayochezwa yote kwa kipanya au kwa kugusa skrini ni bora kuliko inayotaka vijiti viwili na vitufe vinne kwa pamoja.

Masikio nayo hupoteza sauti nyembamba kwanza. Kuna mafumbo yanayojibiwa kwa kusikia tu: The Witness ya mwaka 2016, gemu tulivu isiyo na adui hata mmoja, ina sehemu ambayo jibu limo ndani ya milio ya ndege. Mchezaji asiyesikia vizuri atakwama pale pasipo kosa lake. Gemu hiyo hiyo huonekana kwa macho ya mhusika, na mwendo wa namna hiyo huwatia watu kichefuchefu, hali inayowapata vijana pia. Gemu za uhusika zinazotazamwa kutoka juu haziletei wengi shida hiyo.

Kumbukumbu ni suala la muundo wa gemu pia. Mchezaji mwenye umri mkubwa anaweza kucheza kila jioni wiki nzima, kisha akapumzika mwezi. Akirudi, gemu inamkumbusha? Pokémon FireRed na LeafGreen za mwaka 2004 humwonyesha matukio yake ya mwisho kabla ya kuendelea, na Dragon Quest XI humsimulia hadithi ilipofikia kila anapofungua mchezo. Gemu isiyo na kumbukumbu kama hiyo inataka daftari, na kuna watu wanaolifurahia daftari kuliko gemu yenyewe, ramani zao zikiwa safi kuliko za kitabu. Ila wawe wamelichagua wenyewe.

Ahadi za kuzikwepa

Usinunue gemu kwa sababu imeahidi kuzuia usahaulifu wa uzeeni. Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs, wenye Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Marekani kwamba iliwadanganya wateja kuhusu manufaa ya michezo yake ya ubongo, ikiwemo kuchelewesha kudhoofika kwa akili kutokana na umri. Kucheza ni kuzuri kwa sababu ya furaha, hadithi na kushughulisha akili. Kumpa mzazi gemu kama dawa kunamfanya kila fumbo alilolishindwa alione kama majibu ya maabara.

Zile za bure kwenye simu nazo zichunguzwe kwa jicho kali. Puzzle & Dragons ya mwaka 2012 imechanganya mafumbo na uhusika kwa ustadi, lakini ukishaanza kusogeza kito, una sekunde chache tu kabla ya kuachishwa. Zaidi ya hapo, gemu za aina hiyo huwa na saa ya nje: nguvu zinazojaa polepole, matukio yanayoisha wikendi, zawadi za bahati nasibu zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Anayeheshimu muda wa mzee amchagulie gemu inayolipiwa mara moja.

Kabla ya kulipa, tafuta video ya pambano la kawaida lisilohaririwa, si tangazo. Tazama pale mchezaji anaponyamaza: adui anatikisika tu mahali pake, au anapiga? Kama kuna toleo la majaribio, lichukue. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili, lakini gemu za uhusika zina utangulizi mrefu na saa mbili zinaweza kuisha pambano la kwanza la maana halijafika. Ipitishe mwenyewe sehemu ya mwanzo kwanza kama unaweza, ukague mipangilio, kisha umwachie aianze upya kwa jina lake.

Kiwango cha ugumu achague mwenyewe, na ajue kwamba kinabadilishika. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, kwa mfano, ina mapambano ya zamu, na hata nje ya pambano unaweza kuilazimisha dunia nzima iende kwa zamu. Pillars of Eternity II, iliyoanza ikiwa ya mapigano ya papo kwa papo yenye kitufe cha kusimamisha, iliongezewa hali ya zamu mwaka 2019. Zote mbili zinasubiri vizuri, lakini zimejaa alama, takwimu na vitufe vya kujifunza, na ningeziweka za pili au za tatu, kamwe si za kwanza.

Ukiwa umekaa karibu naye, usimpokonye pedi mkononi. Akikwama, muulize anaona nini chumbani badala ya kumwonyesha mlango. Na gemu ya kwanza ikiisha, sikiliza anasimulia nini. Akisimulia namna alivyomtega adui, mpeleke kwenye Into the Breach. Akisimulia chumba kilichomsumbua siku mbili, mtafutie mwendelezo wa Golden Sun, uliotoka mwaka 2002. Akisimulia yule mwanakijiji aliyemdanganya, basi ni msomaji, na Disco Elysium inamsubiri.